Sufuria Yangu Iko Katindo

Goma watu hugawa ujasiri barabarani kama wanavyogawa salamu. Ukipita na bidoni la maji mgongoni utaambiwa, "Kuraji, mama." Ukifua, kuraji. Ukienda hospitali, ukirudi kutoka hospitali, ukipanga mawe meusi ya volkeno kujenga ukuta, ukizaa, ukifiwa, neno ni hilohilo moja. Ni neno la Kifaransa lililokaa kwetu muda mrefu hadi likasahau njia ya kurudi kwao. Linatolewa bure, na anayelitoa hasimami hata kuona kama limekufikia. Mimi nilikuwa nalichukia.

Nililichukia kwa sababu nililihitaji kuliko wote, na mwenye njaa hapendi kutupiwa karanga moja moja. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani, Murara, katika parseli tunayopanga na majirani: ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya nguo, na choo kimoja ambacho kimeshaleta ugomvi mwingi kuliko siasa. Naishi hapo na mume wangu na binti zetu. Mimi ni mtoto wa upande wa Bukavu, watu wa maneno mengi, kama wanavyotusema. Yeye ni wa vilima vya Masisi, watu wa maziwa na maneno machache. Ndoa yetu inakwenda vizuri kwa sababu mmoja anasema na mwingine anatikisa kichwa.

Baada ya zile siku za milio ya risasi na mabomu, wakati mji mzima ulilala chini ya vitanda, wenzangu waliamka, wakafagia vioo, wakafungua maduka. Mimi pia niliamka, nikafagia, nikafungua cherehani. Ila moyo wangu ulikataa kutoka chini ya kitanda. Mfuniko ukianguka jikoni, naruka. Mlango wa bati wa duka la jirani ukishushwa, naruka, na nguo ya mteja inapata mshono ambao hakuuagiza. Nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano, nikawa namsubiri binti yangu atoke shule anitungie. Kwanza niliacha kwenda soko kubwa. Kisha nikaacha kupanda pikipiki. Mwishowe ile barabara kubwa ya lami iliyo mwisho wa mtaa ikawa mpaka wangu. Ningekuwa na pasipoti, ingeandikwa Murara tu.

Mwuguzi mmoja alinisaidia kuelewa. Aliniambia sijarogwa wala sijawa kichaa. Mwili wangu umezoea kupiga kengele, na sasa unaipiga hata mgeni asipokuja. Alinifundisha kupumua polepole, kutoa pumzi kama mtu anayepuliza chai ya moto, na akaniagiza nitembee kila asubuhi kuelekea kile ninachokiogopa, nifike ninapoweza, nirudi. Basi kila asubuhi nilifunga kitambaa kichwani, nikaenda hadi kwenye lami, nikaitazama kama mtu anayetazama mto uliofurika, nikarudi. Na mtaa mzima, uliokuwa umeshajua habari zangu, ulinisindikiza kwa kwaya. Muuza makaa: kuraji, mama. Fundi viatu: kuraji, mama. Hata mtoto wa chekechea mwenye makamasi: kuraji, mama. Nilikuwa najibu asante huku nimeuma meno.

Mama mkwe wangu peke yake hakuwahi kuniambia kuraji. Anaishi Katindo, karibu kabisa na kambi ya wanajeshi, na analala usingizi wa mtoto mchanga. Siku moja alikuja kutuletea maziwa, akanikuta nimekaa nyuma ya mlango kwa sababu lori lilikuwa limepiga honi. Akageuza ndoo, akaketi juu yake.

"Kule kwetu," akasema, "ng'ombe akiogopa kuvuka mutaro, mutu hamupige. Na hamubembeleze. Unamuwekea chumvi ngambo ya pili, unaenda zako."

Nilikasirika. Nani anapenda kufananishwa na ng'ombe, tena na mama wa mumewe? Kama vile haitoshi, wakati wa kuondoka alichukua sufuria yangu kubwa, ile yenye masikio mawili niliyopewa na mama yangu siku ya ndoa, akaiweka kichwani akisema ana ubatizo wa mjukuu. Ubatizo ukapita. Mtoto akaota meno. Kila nilipomkumbusha kuhusu sufuria alijibu jambo moja: "Iko. Uje uichukue." Alijua vizuri kwamba siwezi kufika Katindo. Nikaona ni dharau ya wazi, na nikaendelea kupika maharage ya familia nzima katika kisufuria cha uji.

Sasa siku yenyewe. Mume wangu aliondoka alfajiri na lori kwenda Masisi kwa kaka zake kuchukua maharage. Kule juu hakuna mtandao, kwa hiyo mtu akishapanda kilima unamkabidhi kwa Mungu hadi atakaporudi. Nilimuaga nikicheka, kisha nikaingia ndani na kuanza kuhesabu saa. Hata hivyo nilifunga kitambaa, nikaenda kwenye mazoezi yangu. Nilifika kwenye lami. Nilikuwa nimeweka mguu mmoja pale ambapo changarawe zinaishia, najisifu kimoyomoyo, na hapo hapo tairi la lori likapasuka.

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka kwamba kiatu kimoja hakikurudi nami. Sikuweza kufika mlangoni. Nilikaa chini nje ya geti, kwenye mawe, miguu nimeinyoosha mbele, kitambaa kimedondoka, nywele nje, nalia kwa sauti. Wapita njia wakasimama. Mmoja akanishika bega. "Kuraji, mama. Kaza roho, mama. Njo maisha." Yaani, ndiyo maisha. Alikuwamo pia yule mama anayepitisha sambaza mtaani, beseni la samaki kichwani. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda. Nilipopata pumzi niliona aibu, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikaweka mto juu ya masikio. Usingizi ukanichukua kama unavyowachukua watoto waliolia.

Niliamshwa na wimbo. Ulikuwa wimbo wa kanisa, ule wa pole pole unaoimbwa mahali pa kilio. Nikachungulia dirishani. Ua wetu ulikuwa umejaa viti vya plastiki. Turubai limeshafungwa kutoka kwenye bomba hadi kwenye kamba ya nguo. Akina mama wa shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa letu mtaani, walikuwa wameketi juu ya mikeka, kitenge kila mmoja amejifunga kiunoni. Moto ulikuwa umewashwa, na juu ya moto sufuria ndogo isiyotosha watu wale wote. Nikaikumbuka yangu.

Moyo ukanishuka. Katika parseli yetu, chumba cha nyuma, anaishi muzee mmoja aliyefiwa na mkewe, anayekohoa kila asubuhi, na asubuhi ile sikuwa nimemsikia akikohoa. Nikasema, basi, muzee wetu ametutoka. Na kwetu huwezi kufika mahali pa kilio ukaanza kuuliza nani amekufa. Ni aibu kubwa. Unafika, unaketi, unalia, habari zitakukuta pale pale. Nikajifunga kitenge kiunoni, nikatoka, nikaketi mkekani katikati ya wenzangu, nikalia.

Nililia vizuri, niseme ukweli. Machozi ya asubuhi yalikuwa hayajaisha, na muzee alikuwa mtu mwema aliyenipa betri za redio yake siku umeme ulipokatika. Akina mama walinipisha nafasi ya katikati. Rais wa shirika, mama mnene mwenye sauti ya kengele, akanipapasa mgongo. "Lia, mama. Lia tu, usijifunge." Nikafikiri, watu hawa wana moyo gani, wananifariji mimi jirani tu kana kwamba ndimi mfiwa! Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Siku ile wa mbali walianza, na mfiwa akaingia baadaye, tena bila kujua kama ni yeye.

Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Muzee akatoka, redio sikioni, mswaki mdomoni.

Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi mtaa wa Mabanga. Muzee akatoa mswaki, akatutazama sote, akazima redio.

"Nani amekufa?" akauliza. Akiwa na umri ule, aibu ya kuuliza ilikuwa imeshamtoka.

Akina mama wakatazamana. Kisha macho yote, moja baada ya jingine, yakanigeukia mimi.

"Si kwake?" mmoja akanong'ona.

"Kwangu?" nikasema. "Kwangu nani?"

"Mama… papa wa watoto. Si njo unalia juu yake? Tulisikia alienda Masisi asubuhi. Tena wamekukuta inje, chini, kichwa wazi…"

Kwa nukta moja niliamini. Niliona baridi kuanzia unyayoni. Huo ndio ugonjwa wenyewe: unaweza kukufanya uamini uvumi ambao umeuanzisha wewe mwenyewe. Kisha nikapuliza chai yangu ya hewa, nikauliza nani kasema. Huyu alisikia kwa yule, yule alisikia kwa muuza makaa, muuza makaa alisikia kwa mama wa sambaza, na mama wa sambaza hakusikia kwa mtu yeyote. Aliniona kwa macho yake. Mwanamke amekaa chini nje ya geti, nywele wazi, analia, watu wamemzunguka wanamwambia kuraji, na mume yuko safarini. Hata ningekuwa mimi ningeleta kiti.

"Lakini hakuna mutu mumoja aliuliza?" muzee akasema.

"Tungeuliza namna gani, muzee? Mutu yuko mu kilio!"

Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto kila siku, na pale tulikuwa watu wazima ua mzima, hakuna aliyethubutu. Mmoja akaanza kucheka kwenye kitenge chake. Mwingine akafuata. Nikacheka na mimi, kicheko cha mtu aliyerudishiwa mume ambaye hakuwa amempoteza. Muzee alipogundua kwamba mimi nilikuwa namlilia yeye, aliketi kwenye kiti cha mbele kabisa, akauliza kama nilimlilia kwa uzito unaostahili.

Rais wa shirika ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Akaweka mkono mdomoni.

"Mama wa sambaza," akasema. "Ameenda kuuzisha Katindo. Alisema atapitia kwa mama mukwe wako, amuambie pole pole, mbele hajasikia kwa watu wengine."

Kicheko kikakatika. Wote pale walijua kwamba mama mkwe wangu ana tansiyo, yaani presha. Habari mbaya iliwahi kumwangusha mara moja, akalazwa, na daktari alituambia wazi kwamba mshtuko mwingine kama ule unaweza usimrudishe. Na mwana mwenyewe ndiye huyu mmoja aliyebaki naye mjini. Tukapiga simu yake. Imezimwa. Siku zote imezimwa, kwani yeye huiwasha anapotaka kupiga, kisha anaizima ili isichoke. Mama wa sambaza hakuwa na simu.

"Mutume mutu," nikasema.

"Tutume nani?" rais akajibu. "Mwanamuke wa shirika akiingia mule, mama ataanguka mbele hajafungua kinywa. Atamwamini nani? Ni wewe bibi wa mutoto wake."

Nikatazama chini. Nilijua walichotaka kusema, na niliwachukia wote kwa jinsi walivyokuwa sahihi.

"Enda weye," muzee akasema, taratibu.

Nilitaka kumwambia arudi chumbani akafe kama tulivyopanga. Badala yake nikauliza kama kuna mtu ameona kiatu changu.

Pikipiki ikasimamishwa; sisi tunaiita moto, na dereva wake motari. Nilipanda nikiwa naogopa kwa mwili mzima, na sitaki mtu aniandikie kwamba siku ile woga uliniacha. Haukuniacha hata kidogo. Ila nilikuwa na haraka pia, na vyote viwili vikapanda pikipiki moja. Haraka ilikaa mbele, woga ukakaa nyuma.

"Mama," motari akasema tulipoanza tu, "kucha zako ziko naingia mu mbavu zangu."

"Wewe endesha!"

"Niko naendesha. Kuraji, mama."

"Kuraji yako umupelekee mama yako!"

"Mama yangu ananiambiaka hivyo hivyo," akasema, akacheka, akakwepa shimo. Nikamwambia hajui kuendesha. Akaniambia nishuke nimwoneshe. Nikamwambia kofia yake ya chuma inanuka. Akasema si yake, ni ya kaka yake. Tulipokuwa katikati ya ugomvi huo niligundua kwamba majengo ya pembeni siyajui vizuri, kisha nikaelewa kwa nini. Lami ilikuwa nyuma yetu. Ule mpaka nilioutazama kila asubuhi kwa miezi tulikuwa tumeuvuka wakati natukana kofia.

Karibu na kambi watu waliokuwa mazoezini wakapiga kelele kwa pamoja, na moyo wangu ukajaribu kushuka peke yake. Nikafumba macho, nikaweka paji la uso kwenye mgongo wa kijana wa watu nisiyemjua, nikapuliza. Nikapuliza tena. Alihisi, nadhani, kwa sababu alipunguza mwendo.

Geti la mama mkwe lilikuwa wazi. Niliona kila kitu kabla sijashuka. Mama wa sambaza alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni kando, ameushika mkono wa mama mkwe. Kwetu habari ya kifo haitupwi kama jiwe. Unaanza mbali, unazunguka, unamlainisha mtu hadi mwenyewe aone unakoelekea. Mama wa sambaza, Mungu ambariki, alikuwa anajua kuzunguka. "Mama," alikuwa anasema, "hapa duniani shiye wote ni wasafiri…" Kikombe cha maziwa kilikuwa kimesimama nusu ya njia ya mdomo wa mama mkwe.

Akainua macho, akaniona.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Mimi, ambaye mji mzima unajua sivuki lami, nimesimama Katindo, nywele nje, macho yamevimba, na kitenge cha kilio bado kiko kiunoni. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumwambia kitu tena. Kuja kwangu kulikuwa ndiyo habari yenyewe. Niliona rangi inamtoka usoni kuanzia kwenye midomo. Mkono ukaenda kifuani.

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno: mama, usishituke, papa wa watoto ni muzima. Lakini kila anayeleta habari ya kifo huanza na usishituke. Ningelitamka hilo neno, lisingebaki la kumalizia. Nikamtazama yule mama, nikaona ninampenda, jambo ambalo lilinishangaza, na nikapaza sauti kwa hasira yote ya miezi yote:

"Mama! Nimekuja kuchukua sufuria yangu!"

Kuku mmoja akapita katikati yetu.

"Sufuria gani?" mama mkwe akasema, sauti ndogo.

"Ile kubwa. Ya masikio mbili. Watoto wangu wako nakula maharagi nusu-nusu juu yako!"

"Umetoka Murara…" akameza mate. "Umepanda moto, umevuka mupaka huku, juu ya sufuria?"

"Juu ya sufuria."

Akanitazama sana. Hakuna mwanamke aliyefiwa na mumewe asubuhi ambaye atadai sufuria mchana, hata kama ni wa Bukavu. Niliona analipima hilo jambo, analigeuza, analiamini. Mkono ukashuka kutoka kifuani, na damu ikarudi usoni ikiwa na hasira.

"Na haujanisalimia!" akafoka. "Unaingia kwangu kama polisi, haujasalimia! Hiyo sufuria ilifika hapa imeunguzwa chini, nani aliisugua? Miye! Bibi gani anaunguza sufuria ya mama yake?"

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Niliketi chini kando ya beseni la samaki. Mama wa sambaza, mdomo wazi, akaanza, "Lakini mama, kilio…" Nikamkanyaga mguu kwa upendo. Kisha nikasimulia, kwa kuanzia mwisho: muzee na mswaki wake, halafu mimi nilivyomlilia, halafu turubai, na mwishoni kabisa tairi la lori na mimi chini kwenye mawe. Mama mkwe alicheka hadi akashika ukuta. Mama wa sambaza alicheka na kulia kwa pamoja, akaapa kutosema tena kitu chochote zaidi ya bei ya samaki.

Kicheko kilipoisha, mama mkwe aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na mutoto wangu?"

"Ameenda kwa maharagi. Anarudi mangaribi."

Sikuwa najua kama anarudi. Hakuna mke Goma anayejua. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na yeye akaitikia kwa kichwa cha mtu anayeamini, na kila mmoja wetu alimwona mwenzake anavyofanya kazi ngumu.

Alikataa kubaki. Alisema watu wamepika kwa ajili ya kilio cha mwanawe, na chakula cha kilio hakitupwi. Tulirudi pikipiki moja, motari, yeye katikati, mimi nyuma, na kwa kuwa kofia ilikuwa moja nilivaa sufuria kichwani, nimeishika masikio. Mtaa wote ulitupigia makofi. Kuraji, mama, wakasema, na mara ya kwanza niliwaitikia bila kuuma meno.

Jua lilipokuwa linazama mume wangu akatokea getini, gunia begani. Akaona turubai. Akaona viti, shirika, mama yake mzazi, muzee, mimi, wote tumekaa kimya kwa sababu tulikuwa tunakula. Akatua gunia pole pole. Akavua kofia, akatafuta kiti, akaketi, akaanza kufuta machozi. Mama yake alimwacha alie kidogo.

"Unalilia nani?" akamuuliza mwishowe.

"Sijue, mama," akasema, "lakini naona ni mutu mukubwa."

Wazee wanasema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Kwangu vilikuja vyote viwili siku moja, vikakalia viti vilevile. Mama mkwe aliondoka na chakula kilichobaki, na alikiweka katika nini? Katika sufuria yangu. "Uje uichukue," akasema akipanda pikipiki.

Sikupona siku ile. Kesho yake niliifikia lami, nikageuka, nikarudi nyumbani. Ila wiki iliyofuata nilivuka, nikafika Katindo, nikachukua sufuria. Jumapili mama mkwe akaja na maziwa, akaondoka nayo. Nikaifuata tena. Ikawa ndiyo maisha yetu: ananyang'anya, nafuata. Kuna siku naenda nikiimba, kuna siku narudia katikati na kuwaambia watu nimesahau kitu. Yule motari sasa ni wangu wa siku zote, na nimemshonea kitambaa cha ndani ya kofia ili isinuke. Na mimi nikimwona mtu anafua, nasema kuraji, ila nasimama kidogo kuona kama imefika.

Siku moja, juzi juzi, nilichoka. Nilifika Katindo mvua imenilowesha, nikamwambia, "Mama, niambie ukweli. Kama unakosa sufuria, nitakununulia ya kwako, tuachane na hii vita."

Alisukuma mlango wa jiko lake, ambalo sikuwahi kuingia. Sufuria zilikuwa zimepangwa kuanzia sakafuni hadi dirishani, kubwa kuliko yangu, zinang'aa.

"Sasa juu ya nini unachukuaka yangu?"

Akanimiminia maziwa kikombe kimejaa, akanipa, akaketi juu ya ndoo.

"Chumvi," akasema, "hawaiweke pale ng'ombe amesimama."

Nikanywa maziwa hadi mwisho. Mvua ilipokatika nikamuaga, nikatoka getini, nikamwita motari wangu. Sufuria niliiacha.